Kupiga picha za karibu za wadudu wachanga wa bustanini kwa simu: mwongozo kamili kwa sisi wa Dodoma na kanda ya kati

Wengi wakianza kupiga picha za wadudu wanakimbilia kipepeo. Wanamfuata ua hadi ua, simu iko mkononi, kila wakifika nusu mita anaruka, mwisho wanarudi nyumbani na picha ya jani tupu. Ushauri wangu wa kwanza, na ndo nitaurudia kila mahali humu, ni huu: achana na wakubwa kwanza, tafuta watoto wao. Mdudu mchanga hana mbawa. Panzi mdogo ukimshtua anaruka kidogo tu afu anatulia, kiwavi hana pa kwenda zaidi ya jani analokula, kivunjajungu mtoto anaweza kukaa kwenye kichaka kilekile siku nyingi, na simu yako ambayo lazima isogee sentimita chache ndo ione kitu, hapo inapata nafasi ya kufanya kazi.

Tena ni wazuri sana, yani ukiwaona kwenye skrini wakubwa hivi unashangaa hivi vitu viko hapo nyuma ya jiko kila siku na hatuvioni.

Kitu kimoja cha kuelewa kabla hujatoka nje. Wadudu wanakua kwa njia mbili kubwa. Kuna wanaoanguliwa wakiwa tayari wanafanana na wazazi ila ni wadogo na hawana mbawa: panzi, vivunjajungu, kunguni wa mimea, vidukari. Hawa wanajivua ngozi mara kadhaa, na wale ambao mwisho wake wanaota mbawa utaona vichipukizi mgongoni vinaongezeka kila wakijivua. Kundi la pili wanaanguliwa wakiwa tofauti kabisa: kiwavi ambaye baadaye ni kipepeo au nondo, buu ambaye baadaye ni mbawakavu au nzi, na katikati wanapita hatua ya pupa, pale mdudu anapotulia akibadilika umbo. Kwa mpiga picha maana yake ni kwamba kundi la kwanza unamtambua mtoto kwa kumtazama tu, kundi la pili inabidi umjue kwa mmea alipo. Ndo maana naanza na mimea, simu inafuata baadaye.

MIMEA GANI NA WAKATI GANI

Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi kwenye Aprili. Wiki chache baada ya mvua za kwanza, majani mapya yakishatoka, ndo wadudu wachanga wanajaa. Kiangazi usikate tamaa, nenda penye maji: bustani za mchicha zinazomwagiliwa, mpapai unaonyweshwa maji ya kuogea, mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mpunguzi na Makutupora. Hata ua mmoja wenye ndimu na matuta mawili ya kunde huko Nkuhungu au Ipagala unatosha kabisa kwa mwaka mzima wa picha, sikutanii.

Kwenye ndimu au mlimao angalia majani machanga yale laini ya juu. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano (Papilio demodocus) anataga hapo, yai mojamoja, la duara, dogo sana. Kiwavi wake akiwa mchanga ana rangi ya kahawia na mabaka meupe, ukimwona utadhani ni kinyesi cha ndege na hiyo ndo kinga yake. Akikua anabadilika kuwa wa kijani. Ukimsumbua anatoa nyuma ya kichwa kitu cha rangi ya chungwa chenye matawi mawili na harufu kali. Watu wanapenda kumgusa ili wapige hiyo picha, mimi nasema usimguse, mara nyingi kivuli chako tu au pumzi yako inatosha.

Kwenye kunde angalia vikonyo na maua, vidukari weusi wanakaa hapo kwa makundi. Wakubwa wanang'aa, watoto wamepauka kama waliopakwa unga, na vile vitu vyeupe vilivyotapakaa katikati yao ni ngozi walizojivua. Vidukari wana jambo moja la ajabu, jike anazaa watoto hai bila hata kukutana na dume, na mtoto anatoka akitanguliza nyuma. Ukikaa na kundi moja asubuhi ukalitazama kwa utulivu kuna uwezekano mkubwa ukapata picha ya kuzaliwa, na hiyo ni picha ambayo hata mwenye kamera ya mamilioni anaitamani. Hapohapo utakuta sisimizi wanalamba majimaji matamu yanayotolewa na vidukari, na pengine utakuta mdudu mweusi mrefu mwenye miguu 6 na madoa ya rangi ya chungwa anakula vidukari kimyakimya. Huyo watu wengi wanamuua wakidhani ni adui, kumbe ni mtoto wa yule mbawakavu mwekundu wa duara mwenye madoa meusi. Ni rafiki wa bustani kuliko dawa yoyote ya dukani.

Bamia na mbuyu wana ukoo mmoja, na wote wanapendwa na kunguni wekundu wa pamba. Watoto wao wana rangi nyekundu kali kabisa na wanakaa kwa mkusanyiko, chini ya mbuyu wenye matunda yaliyodondoka unaweza kuwakuta wengi sana pamoja. Kwa anayeanza hakuna somo jepesi kuliko hawa, wana rangi, ni wengi, na hawana haraka. Vilevile wale panzi wa mihogo wanaonuka, watoto wao ni weusi wenye alama za njano, wanakaa kundi moja juu ya jani na kwa sababu wana ladha mbaya kwa ndege hawahangaiki sana kukimbia.

Mahindi: chungulia ndani ya moyo wa mmea, pale majani mapya yanapochomoza, ukiona vumbi kama la mbao basi kuna kiwavijeshi. Kiwavijeshi vamizi aliingia nchini 2017 na kila mkulima anamjua, lakini wachache wana picha yake nzuri, nitalirudia hili chini.

Nyanya: majani yenye mabaka meupe ambayo ukishika unaona katikati pako wazi, humo ndani ya jani lenyewe anaishi mtoto wa kantangaze, yule nondo mdogo anayeshambulia nyanya.

Na usisahau chini. Kwenye mchanga mkavu chini ya paa la nyumba au pembeni ya ukuta, vile vishimo vidogo vya umbo la faneli. Aliyejificha chini yake ni mtoto wa mdudu ambaye akikua anafanana na kerengende. Anasubiri sisimizi ateleze aingie. Mchanga wa Dodoma ni wao kabisa huo.

Kama bustani sio yako omba ruhusa. Ukimkuta mama anamwagilia mchicha wake mpe shikamoo yake, mwambie mama naomba nipige picha wadudu, atashangaa kidogo afu yeye mwenyewe ndo atakuonyesha wako wapi maana anayechuma kila siku anajua jani gani limeliwa tangu jana. Muulize pia alipuliza dawa lini. Kama amepuliza juzi au jana, rudi siku nyingine, kwanza kwa afya yako maana utakuwa umeweka uso karibu na majani, pili wadudu utakaowakuta ni wagonjwa au wamekufa.

SIMU NA LENZI

Anza na simu uliyonayo. Kamera kuu ya simu nyingi inashika fokasi kuanzia karibu sentimita 8 hadi 10, ukisogea zaidi picha inakuwa ukungu. Kwa umbali wa sentimita 10 picha yako inachukua eneo la kama sentimita 13 au 14 kwa upana, maana yake mdudu wa sentimita moja atakuwa mdogo katikati ya picha kubwa. Kwa kiwavi aliyekua au panzi wa sentimita mbili hiyo inatosha, unapiga afu unakata pembeni. Kama simu yako ina modi ya megapikseli 48 au 50 iwashe kukiwa na mwanga mzuri, ukikata pembeni unabaki na kitu cha maana.

Sasa ile kamera ndogo ya makro, yani ya picha za karibu sana, inayoandikwa megapikseli 2 kwenye simu nyingi za bei ya kati. Nasema ukweli wangu, mara nyingi kamera kuu ukikata pembeni inakupa picha safi kuliko hiyo. Ijaribu kwa sarafu, piga sarafu ileile kwa zote mbili afu linganisha, utaamua mwenyewe. Kwenye simu zinazotumia lenzi pana kama makro, mfano iPhone 13 Pro na zilizofuata za Pro, hiyo ni habari nyingine, inashika hadi sentimita 2 na picha ni nzuri sana, ila angalia alama ya ua kwenye skrini maana simu inajibadilishia lenzi yenyewe na wakati mwingine hutaki.

Kwa wadudu wa chini ya sentimita moja, na watoto wengi wako hapo, utahitaji lenzi ya kubana juu ya kamera. Zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu na mtandaoni. Usivutwe na ile inayosema inakuza mara nyingi zaidi, kadiri inavyokuza zaidi ndo sehemu inayoonekana safi inazidi kuwa nyembamba, na ndo inavyokulazimu kusogea hadi unamziba mwanga mdudu. Chukua ya kukuza kiasi. Kama hela hakuna, lenzi ya kukuzia ya shuleni ile ya stationery inafanya kazi, ishike iguse kabisa kioo cha kamera na usogee polepole. Lenzi ndogo ya ndani ya deki ya DVD iliyokufa nayo inafanya kazi, watu wanaibana kwa pini ya nywele, lakini inakuza sana na umbali wake ni milimita chache tu, hiyo iache kwa vitu visivyotembea kama mayai na ngozi zilizovuliwa.

Vumbi letu mnalijua. Kabla ya kufuta kioo cha kamera puliza kwanza vumbi litoke, maana ukifuta na shati moja kwa moja unasugua mchanga juu ya kioo. Kitambaa cha miwani kiwe mfukoni, kwenye kimfuko chake.

Vingine vya kubeba: kibanio cha nguo kimoja au viwili, kijiti kirefu, karatasi nyeupe, tishu au bahasha nyeupe, kiroba cha kulalia. Kabla hujapiga goti angalia chini, mbigili zipo, nge yupo, siafu nao wana njia zao.

MWANGA NA UPEPO

Hizi ndo zinazoharibu picha nyingi kuliko aina ya simu. Jua letu la saa sita mchana linaunguza picha, sehemu nyeupe zinapotea kabisa na vivuli vinakuwa vyeusi tii. Na upepo wa kuanzia Juni hadi Oktoba, hasa mchana, unatikisa kila jani.

Dawa ya vyote viwili ni kuamka. Saa 12 na nusu hadi saa 2 na nusu asubuhi mwanga umelala, ni laini, upepo mara nyingi bado haujaamka, na wadudu wenyewe wamepoa. Mdudu hana joto la mwili la kwake kama sisi, asubuhi ya baridi ya Juni au Julai anatembea polepole au hatembei kabisa mpaka jua limguse. Ukimkuta kivunjajungu mtoto saa moja asubuhi, una muda wa kutosha wa kupanga picha yako. Saa nne ukimrudia huyohuyo ni mwingine.

Ukilazimika kupiga mchana, weka tishu au bahasha nyeupe kati ya jua na mdudu, karibu kabisa na mdudu bila kumgusa, mwanga utasambaa uwe laini. Karatasi nyeupe nyingine ishike upande wa kivulini irudishe mwanga. Mikono haitoshi najua, ndo maana mtoto wa jirani anayependa wadudu ni msaidizi mzuri sana, na atakuwa anakuonyesha vitu wewe huvioni. Fleshi ya simu usiitumie moja kwa moja, kwa umbali huo inapita pembeni au inaunguza. Ukitaka taa tumia tochi ya simu nyingine ipitie kwenye tishu, kutoka upande.

Kwa upepo, chomeka kijiti ardhini pembeni ya mmea, bana kikonyo cha jani kwenye kijiti kwa kibanio, taratibu, mbali kidogo na mdudu alipo. Jani linatulia. Usikate jani ukaenda nalo mezani, maana mdudu unakuwa umemuondoa kwenye chakula chake, na hata picha inapoteza kile kinachoifanya iwe ya bustanini.

Angalia na nyuma ya mdudu kuna nini. Ndoo ya njano au nguo iliyoanikwa inaweza kuharibu kila kitu. Hamia hatua moja kushoto au kulia, au mwambie msaidizi ashike kitenge cha rangi iliyopoa nusu mita nyuma. Ukitaka nyuma pawe peusi, tafuta mdudu aliye juani huku nyuma yake kuna kivuli, afu punguza mwanga kwenye simu.

KUPIGA YENYEWE

Zima modi ya picha za watu ile inayotia ukungu nyuma, inakata vipapasio na miguu ya mdudu kwa sababu haijui iishie wapi. HDR nayo zima kama kuna upepo maana inaunganisha picha kadhaa na mdudu akitikisika anatoka na kivuli mara mbili. Kama simu ina modi ya Pro, ile unayopanga mwenyewe, weka shata (muda kamera inaopokea mwanga) 1/250 ya sekunde au ya haraka zaidi, ikiwa kuna upepo 1/500, ISO (jinsi kamera inavyohisi mwanga, ikipanda sana picha inakuwa na chengachenga) ibaki kati ya 100 na 400 kadri mwanga unavyoruhusu. Kama haina Pro usihangaike, mwanga wa asubuhi juu ya jani ukiwa wa kutosha simu itachagua yenyewe vizuri tu.

Fokasi sasa, na hapa naomba usome polepole kwa sababu ndo kila kitu. Kwa umbali huu sehemu inayoonekana safi ni nyembamba mno, ukiwa na lenzi ya kubana inaweza kuwa milimita moja au mbili tu. Mambo mawili yanafuata. La kwanza, sura ya simu iwe sambamba na mwili wa mdudu. Kama kiwavi amelala kwa urefu, mpige kutoka ubavuni huku simu imelala sambamba naye, kichwa na mkia vitaonekana vyote. Ukimpiga kwa mshazari utapata kichwa tu, mwili wote ukungu. La pili, acha kugonga skrini kila mara. Gonga kwenye jicho mara moja, shikilia kidole mpaka fokasi ijiloki, afu kuanzia hapo sogeza mwili wako wewe. Pumua nje, viwiko vimekaa ardhini au kwenye magoti, sogea mbele polepole sana milimita kwa milimita huku umeshikilia kitufe ipige mfululizo. Katika mfululizo huo kuna moja jicho litakuwa safi. Zingine futa jioni.

Fokasi iwe kwenye jicho siku zote kama jicho linaonekana. Kivunjajungu ana jambo la pekee, kile kidoti cheusi ndani ya jicho lake kinakufuata popote ulipo kana kwamba anakutazama. Sio mboni, ni ile sehemu ya jicho inayokuelekea wewe ambayo inameza mwanga badala ya kuurudisha. Ukikipata hicho kidoti kikiwa safi, picha imekamilika hata kama miguu yote ni ukungu.

Kitufe cha sauti kinaweza kupiga picha, au cha kwenye waya wa earphone, simu haitikisiki. Ukiwa umeiegemeza simu kwenye chupa iliyojaa maji weka taima ya sekunde 2. Kwa wenye Android, kuna apu ya bure inaitwa Open Camera, na kama simu yako inaruhusu, inaweza kupiga picha nyingi zenyewe huku ikihamisha fokasi kutoka mbele kwenda nyuma, afu baadaye unaziunganisha kuwa moja iliyo safi kote. Inafaa kwa mdudu aliyetulia kabisa asubuhi yenye utulivu, vinginevyo ni kujichosha.

Mkaribie kutoka chini na mbele, sio kutoka juu. Kivuli kinachoshuka juu ya mdudu ni ndege kwa akili yake.

MBINU ZA BAADHI YAO

Kantangaze: mpige jani likiwa kati yako na jua. Inua jani bila kulichuma, mwanga upite kutoka nyuma, utaona handaki lote limewaka na kiwavi mdogo ndani yake pamoja na uchafu wake mweusi. Hakuna mwanga mwingine utakaomwonyesha hivyo.

Kiwavijeshi vamizi: piga picha mbili, usitosheke na moja. Ya kwanza kichwa kutoka mbele, anayo alama ya Y iliyogeuzwa juu chini. Ya pili mgongo karibu na mkia, pingili ya pili kutoka mwisho ina madoa manne yaliyokaa kwa umbo la mraba. Hizo mbili zinamtofautisha na viwavi wengine wa mahindi, na ukimtumia afisa ugani picha ya mwili wa kijivu tu hana cha kukujibu. Alama hizi zinaonekana vizuri akishakua kidogo, kwa yule aliyeanguliwa jana usitegemee.

Wa kwenye vishimo vya mchanga: chota taratibu kwa kijiko mchanga wa chini kabisa ya kishimo, mwaga kwenye kifuniko cheupe cha ndoo, subiri. Atatulia kwanza kama punje ya mchanga, afu ataanza kurudi kinyumenyume. Mpige kwa juu upate yale mataya yake marefu, afu mrudishe palepale, atachimba tena. Na kishimo chenyewe kipige kabla hujakibomoa, jua la asubuhi likiwa chini kivuli kinaonyesha umbo lote.

Vivunjajungu: kuanzia mvua zinapoanza angalia kwenye vijiti, nguzo za uzio na kuta uone kitu kilichokauka kama povu, rangi ya kahawia. Huo ni mfuko wa mayai, na mmoja unaweza kutoa watoto wengi mno kwa wakati mmoja. Usiubandue. Uchungulie kila asubuhi ukipita kwenda kazini, wakitoka wanatawanyika upesi na wengine wanaliana wenyewe kwa wenyewe.

Anayejivua ngozi: ukimkuta panzi au kunguni ananing'inia kichwa chini, mweupe au amepauka kuliko wenzake, simama hapo hapo. Anatoka kwenye ngozi ya zamani. Mwili wake ni laini kabisa wakati huo, akidondoka au akiguswa anaweza kubaki kilema, kwa hiyo hapa hakuna kubana jani na kibanio, hakuna tishu karibu, kaa mbali kidogo na upige kila baada ya dakika chache mpaka rangi yake irudi. Mfululizo huo wa picha ni hazina.

Viwavi wenye manyoya usiguse hata kama ni wazuri vipi, wengi wanawasha vibaya na manyoya yakiingia jichoni ni hospitali.

Na kitu ambacho watu wanakiacha halafu ndo kitamu kuliko vyote: rudi kwa mdudu yuleyule. Funga uzi wa rangi kwenye tawi la ndimu ulipomwona kiwavi wa kinyesi cha ndege, na kila asubuhi mpige kwa upande uleule na umbali uleule. Ndani ya wiki chache utakuwa na hadithi nzima kuanzia yai hadi pupa aliyejifunga kwenye kijiti kwa uzi mwembamba, na ukibahatika kipepeo akitoka na mbawa zimekunjamana bado zinajijaza. Siku hiyo ndo utampiga kipepeo kwa karibu bila kumkimbiza, maana hawezi kuruka mpaka zikauke.

KUSAFISHA PICHA NA KUZITUMIA

Apu ya Snapseed inatosha na ni ya bure. Kata pembeni kwanza, rekebisha mwanga, ongeza ukali kidogo sana, futa vumbi. Rangi usizichezee, mtu atakayekusaidia kumtambua mdudu anategemea rangi ya kweli.

Ukitaka jina la mdudu piga picha nne: ya juu, ya ubavuni, ya kichwa, na moja ya mbali inayoonyesha mmea wote na jinsi ulivyoliwa. Moja kati ya hizo weka rula pembeni yake. Wadudu wachanga ni wagumu kutambua kuliko wakubwa na mara nyingi mmea ndo unatoa jibu. Zipandishe kwenye apu au tovuti ya iNaturalist, ni bure, watu wa sehemu mbalimbali wanasaidia kutaja jina, na picha za kanda yetu zinahitajika sana. Kama umepiga nyumbani kwako chagua mahali pafichwe ili ramani isionyeshe ua wako hasa. Kama ni mdudu wa shambani mpelekee bwana shamba wa kata yako, na kwa wa zabibu TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) wana kituo chao pale Makutupora.

Ukimtumia kwa WhatsApp usitume kama picha ya kawaida, inabanwa na yale madoa manne ya kiwavijeshi yanaweza kupotea njiani. Itume kama dokumenti, na kwenye ujumbe wake andika tarehe, mmea, kijiji au mtaa, na mdudu alikuwa sehemu gani ya mmea.